Je, wajua kwa nini sileji ya kondoo hutiwa molasi?

Ukimwona mfugaji wa Kongwa au Mpwapwa akinyunyizia molasi, ile shira nzito inayobaki sukari ikitengenezwa, kwenye majani yaliyokatwakatwa ya sileji, yaani malisho mabichi yanayochachushwa ili yasioze, utadhani anayatia utamu ili kondoo wayapende. Wataipenda kweli, lakini wanaolishwa kwanza pale ni bakteria.

Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Ikikatika, malisho hubaki makapi, ndiyo maana majani hukatwa yangali mabichi, yakashindiliwa shimoni au kwenye mfuko wa nailoni, yakafunikwa hewa isipite. Humo ndani bakteria hula sukari ya majani na kutoa asidi ya laktiki. pH, kipimo kinachoshuka kadiri asidi inavyoongezeka, ikifika karibu 4, vijidudu vya uozo hukwama na chakula hukaa miezi mingi.

Kwa hiyo yote yanategemea sukari. Mahindi na mtama, vikikatwa punje zikiwa bado zinabonyea kwa ukucha, huwa nayo ya kutosha. Kuvitia molasi mara nyingi ni kutupa hela. Nyasi nyingi za malisho zina sukari haba. Mikunde kama fiwi na lusina ndiyo migumu zaidi, maana juu ya uhaba huo, protini na madini yake huizuia pH kushuka. Hapo molasi ina kazi: kilo 30 hadi 50 kwa tani ya majani mabichi, ikizimuliwa kwa maji hadi itiririke, kisha imwagwe kwa keni tabaka baada ya tabaka.

Urea, ile ile ya mbolea, ni habari nyingine. Haichachushi chochote, huongeza naitrojeni, malighafi ya protini, kwenye mtama au mahindi yenye protini kidogo. Kilo 5 kwa tani zinatosha, na iyeyuke yote, kwa sababu donge likimfikia kondoo laweza kumuua. Kwenye mikunde usiitie kabisa.

Wapo pia bakteria wa kununua. Wengine huharakisha asidi ya laktiki. Wengine, kama Lactobacillus buchneri, hutoa pia asidi ya siki, inayozuia ukungu baada ya shimo kufunguliwa. Kwa joto letu, mimi ningelipia hao wa pili.

Ila hakuna kiongezeo kinachofidia ushindiliaji mbovu, na kwa kondoo kosa hilo ni ghali. Bakteria wa Listeria, wanaoishi kwenye udongo, hustawi katika sileji isiyochachuka vizuri au inayoingiza hewa, na kondoo huathirika kwa urahisi kuliko ng'ombe. Mgonjwa huinamisha kichwa upande, sikio moja likalegea, akawa anazunguka akielekea upande uleule. Basi udongo usiingie shimoni, vipande vyenye ukungu vitupwe mbali na zizi, na kila siku ikatwe sileji ya kuliwa siku hiyo tu, kisha turubai lirudishwe na kukandamizwa kwa mawe.