Tone la mafuta ya karafuu chini ya mionzi ya infraredi

Mtu akituletea chupa ya mafuta ya karafuu akitaka kujua kama yametiwa mafuta ya kupikia, pua haimsaidii. Eugenoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta haya, ina harufu kali inayofunika mengi. Maabara tunadondosha tone moja juu ya fuwele ya almasi, kisha tunalimulika kwa mionzi ya infraredi, ile ambayo jicho haliioni lakini ngozi huihisi kama joto la jiko.

Atomi katika molekuli hazitulii. Vifungo vinavyozishikanisha hunyumbuka kama springi, na kila kifungo hutetema kwa kasi yake. Mionzi inayotetema kwa kasi hiyohiyo hufyonzwa, na mashine huchora bonde mahali hapo. Mchoro tunausoma kwa idadi ya mawimbi katika sentimita moja, kuanzia 4000 kushuka hadi 400.

Kwa eugenoli, bonde la karibu na 3500 ni la kundi la hidroksili, yaani oksijeni na hidrojeni. La 1514 ni la pete ya benzini, yaani kaboni sita zilizoshikana kwa duara. La 1637 ni la kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Lakini mimi hutazama kwanza pasipo na kitu: eugenoli haina kabonili, kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Mafuta ya kupikia ni esta, yaani asidi iliyoungana na alkoholi, na esta zina kabonili, hivyo huchimba bonde refu karibu na 1745.

Hapo ndipo pa kwenda taratibu. Mafuta yatokanayo na maua ya karafuu huwa pia na eugenili asetati, esta ya asili yenye bonde karibu na 1765. Ukiikimbilia kabonili yoyote, utamwita tapeli mkulima mwaminifu. Kwa hiyo tunakagua pia 2925 na 2855, ambako minyororo mirefu ya mafuta ya kupikia hujionyesha wazi. Eugenoli iliyotengenezwa kiwandani, hata hivyo, mchoro wake ni uleule. Hiyo tunaitafuta kwa njia nyingine.

Ombi letu kwa wanaokeneka makonyo, majani au maua: leteni mafuta yasiyo na maji. Maji yana bonde pana karibu na 3300 na jingine karibu na 1640, linalolifunika lile la 1637. Acheni chupa itulie. Mafuta safi ya karafuu huzama, maji hubaki juu, nanyi mnayamwaga maji hayo.