Je, wajua kwa nini amri moja ya kadi ya mtandao hukubaliwa na kompyuta ya Kiingereza, ikakataliwa na ya Kifaransa?

Kwenye sekretaria (duka la kuchapa na kuskani) moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, kompyuta mbili hukaa meza moja. Ya kwanza ilipitia mpakani Kasumbalesa ikitokea Zambia, na Windows yake ni ya Kiingereza. Ya pili ilinunuliwa hapa mjini, nayo ni Kifaransa kitupu, kuanzia herufi za kibodi hadi ujumbe wa makosa. Zote zimechomekwa kwenye swichi moja ndogo, yaani kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, ili kazi iliyoskaniwa huku ichapwe kule. Siku hiyo memwari ya mwanafunzi, yaani tasnifu yake ya kumalizia masomo, iliyojaa picha, ilikuwa ikihama kutoka mashine moja hadi nyingine kwa mwendo wa kinyonga, na mwenyewe amesimama mlangoni akitazama saa.

Kijana wa pale alikuwa ameshapata dawa mtandaoni. Alifungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa haki za msimamizi, akaandika:

Set-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" -DisplayName "Speed & Duplex" -DisplayValue "Auto Negotiation"

Kompyuta ya Zambia ikanyamaza, na katika PowerShell kunyamaza ni kukubali. Akahamia ya pili, akaandika herufi zile zile. Maandishi mekundu yakajaa.

"Yaya, hii inakatala," akaniambia. "Na komande ni ile ile."

Komande ni ile ile kweli. Kilichobadilika ni jina la kinachotafutwa. Kila mpangilio wa kadi ya mtandao una majina mawili, kama watu wa mtaani kwetu: jina lililo kwenye kadi ya mpiga kura, na lile ambalo majirani wanakuitia. "Speed & Duplex" ni jina la majirani. Linaandikwa na mtengenezaji wa draiva, programu inayoiendesha kadi, ili binadamu alisome, na hutafsiriwa. Ndani ya faili ya usakinishaji ya draiva, ile inayoishia na .inf, kunaweza kuwa na sehemu ya maneno kwa kila lugha: yenye namba 0409 ni ya Kiingereza cha Marekani, yenye 040C ni ya Kifaransa cha Ufaransa. Windows ya Kifaransa huchukua maneno ya sehemu yake ikiwa ipo. Kwa hiyo ukitafuta "Speed & Duplex" humo ni sawa na kugonga mlango ukimwulizia mtu kwa jina ambalo nyumba ile haijawahi kulisikia. Thamani nayo ina shida hiyo hiyo: "Auto Negotiation" ya Kiingereza huko huwa Kifaransa, na alama zake juu ya herufi, ambazo ukizikosea amri hukataliwa vilevile.

Jina la kwenye kadi ya mpiga kura ndilo halibadiliki. Andika tu:

Get-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet"

Jedwali litakalotokea lina safu inayoitwa RegistryKeyword. Humo utakuta *SpeedDuplex, *FlowControl, *JumboPacket na wenzao. Nyota ile ya mwanzo si pambo. Ni alama kwamba neno hilo ni la kawaida lililowekwa na Microsoft, si la kampuni iliyotengeneza kadi. Maneno yasiyo na nyota ni ya mtengenezaji mwenyewe, na yanaweza kutofautiana kati ya kadi na kadi. Hivyo amri inayokubalika kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, na hata kwa Kichina, ni hii:

Set-NetAdapterAdvancedProperty -Name "Ethernet" -RegistryKeyword "*SpeedDuplex" -RegistryValue 0

Sifuri ni kadi na swichi kupatana zenyewe. 1 ni megabiti 10 kwa kupokezana (kusema na kusikia kwa zamu), 2 ni 10 kwa njia mbili (kusema na kusikia kwa pamoja), 3 ni 100 kwa kupokezana, 4 ni 100 kwa njia mbili, na 6 ni gigabiti 1 kwa njia mbili. Namba hazina lugha. Binafsi siku hizi situmii tena majina ya kutafsiriwa, hata kwenye mashine ya Kiingereza.

Lakini kwa nini sifuri iliponya faili zile? Hapa ndipo penye utamu, maana watu wengi wa kutengeneza kompyuta hapa mjini hufanya kinyume. Wakiona mtandao unakwenda polepole, wanaweka 4 kwa mkono, wakiamini wameiamuru kadi ikimbie. Ndivyo fundi mmoja alivyokuwa amezifanya hizi mbili.

Tangu 1995, kiwango cha Ethernet ya megabiti 100 kilipotoka, kadi na swichi zina namna ya kusalimiana kabla ya kuanza kazi. Kila upande hutuma mafungu ya mapigo mafupi ya umeme kwenye waya, fungu moja kila baada ya milisekunde 16 hivi. Fungu lina nafasi 33: 17 ni za kuhesabia mwendo, na 16 zilizobaki hubeba ujumbe. Ujumbe wenyewe ni maneno machache: mimi naweza 10, naweza 100, naweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Mwenzake naye anajibu yake, kisha wote wawili wanachukua uwezo mkubwa kuliko wote wanaoshirikiana.

Ukiweka 4 kwa mkono, kadi nyingi huacha kusalimia. Swichi inasubiri salamu, haiioni. Haiko bubu kabisa: kwa kuusikiliza umeme wa waya inaweza kutambua kwamba upande wa pili uko kwenye 100. Kitu kimoja haiwezi kukitambua kwa kusikiliza, nacho ni kama mwenzake anasema na kusikia kwa pamoja au kwa kupokezana. Kanuni inaiagiza ichukue tahadhari, basi inachagua kupokezana.

Sasa una watu wawili kwenye simu. Mmoja anaongea bila kusita, kwa kuwa anajua njia ni mbili. Mwingine anadhani njia ni moja, na kila akisikia sauti ya mwenzake naye yuko katikati ya neno, anasema "tumegongana", anakata, anangoja, anaanza upya. Yule wa kwanza anapokea nusu maneno, anayahesabu kuwa yameharibika, anayatupa. Taa zote za swichi zinawaka vizuri. Ukijaribu ping, amri ya kupima kama kompyuta ya pili inajibu, inapita bila tatizo, kwa kuwa ni kipande kidogo kinachokwenda na kurudi peke yake. Tuma faili kubwa, ambapo data inakwenda na uthibitisho unarudi wakati huo huo, hapo ndipo mgongano unapoanza. Ndiyo sababu fundi alijaribu ping, akaridhika, akachukua pesa yake.

Tuliporudisha sifuri kwenye kompyuta zote mbili, memwari ilihama kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Kompyuta ya Kifaransa hata hivyo ilibaki kwenye megabiti 100, wakati ya Zambia ilipanda hadi gigabiti 1. Hiyo haikuwa kosa la mpangilio wowote. Megabiti 100 zinahitaji jozi mbili tu za nyaya, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti 1 kwenye waya wa shaba inataka jozi zote nne. Jozi moja ikikatika ndani ya kichwa cha plastiki, huna amri ya kuiunga, unahitaji koleo la kubania vichwa na kichwa kipya.

Nyota nyingine sikushauri uziguse kwa udadisi. *JumboPacket inafaa pale tu ambapo vifaa vyote vya mtandao huo, swichi ikiwemo, vinakubali pakiti kubwa. *FlowControl na *InterruptModeration ziache zilivyokuja. Ukivuruga, Reset-NetAdapterAdvancedProperty hurudisha mpangilio wa kiwandani, ila yenyewe inataka lile jina la majirani, -DisplayName. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, kazi hii hufanywa na amri ya ethtool, ila mabadiliko yake hupotea mashine ikizimwa usipoyaandika mahali pa kudumu. Windows inayahifadhi kwenye masjala yake (registry), na kesho asubuhi yatakuwa palepale, mazuri na mabaya.

Jambo moja nililijua kwa kuumia. Amri ya kubadilisha mpangilio huiwasha kadi upya, kwa hiyo ukiwa mbali muunganisho wako utakatika kwa sekunde chache kisha urudi, isipokuwa umeongeza -NoRestart na kungoja saa nzuri. Mimi sikuridhika na kungoja. Nikiwa hapa Lubumbashi, nimeingia kwa mbali ndani ya kompyuta ya ofisi moja ya mji wa Likasi, nilitaka kuizima kadi na kuiwasha mwenyewe. Nikaandika Disable-NetAdapter, nikathibitisha, nikajiandaa kuandika Enable-NetAdapter kwenye mstari unaofuata. Skrini ikaganda. Nilikuwa nimekata tawi nililolikalia, na tawi lenyewe liko kilomita zaidi ya mia moja. Restart-NetAdapter ingefanya yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Aliyeniokoa ni papa mlinzi, aliyepokea simu. Nilimwongoza mpaka kwenye PowerShell ya msimamizi, kisha tukaanza kuitaja herufi moja moja: E, n, a, b, l, e. Tulipofika kwenye kistari akaniuliza kiko wapi. Kibodi ilikuwa ya Kifaransa. Nikamwambia, "Papa, finya namba sita, bila kushika kitu kingine."