Kikombe Kilichooshwa Mara Mbili: Dhana Zetu Kuhusu Wanaoamini na Wasioamini

Kijiwe chetu cha kahawa kipo Ujiji, kando ya njia ya kuteremkia ziwani. Muuzaji ana birika lake juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na ndoo ya maji ya kuoshea. Jioni moja bao limenoga, kijana mmoja fundi simu, mtoto wa hapahapa, akaulizwa mbona siku hizi haonekani msikitini. Akajibu bila kuinua macho kwenye kete: "Mimi siamini tena kama Mungu yupo."

Hakuna aliyepiga kelele. Ila mzee mmoja aliyepewa kikombe alichokuwa akinywea yule kijana alikirudisha kwa muuzaji. "Hiki kioshe tena."

Tangu siku ile nimesikia mengi, ya upande huu na ule, na mengi si kweli. Nayaandika kama yanavyosemwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa kuswali, msije mkadhani nimetumwa.

"Asiyeamini Mungu anamwabudu Shetani. Huyo ni Freemason."

Mlahidi husema Mungu hayupo, na Shetani naye humweka humohumo, pamoja na majini na mizimu. Utamwabuduje usiyekubali kuwa yupo? Fundi huyu hukatiza makaburini saa nane za usiku akitoka kuangalia mpira. Wacha Mungu kadhaa wa kijiwe kile huzunguka njia ndefu.

Hilo la Freemason ndilo linalochekesha zaidi. Kitabu chao cha kanuni kilichochapwa London mwaka 1723 kinasema kwamba mwanachama akiuelewa vizuri ufundi wake, kamwe hatakuwa mkanamungu mpumbavu. Mpaka leo matawi yanayofuata mkondo wa Uingereza hayampokei mtu asiyekiri kuwa yuko Mwenye enzi aliye juu ya vyote. Ni Wafaransa wa Grand Orient, chama cha Freemason wa kwao, walioliondoa sharti hilo, mwaka 1877. Kwa Waingereza, fundi wetu angerudishwa mlangoni.

Na jina lenyewe la mkanamungu limewahi kubandikwa kwa watu wa ajabu. Katika karne ya 2, mjini Smirna, askofu Polikarpo aliletwa uwanjani auawe. Liwali wa Kirumi akamtaka atamke kwamba wakanamungu waondolewe, akikusudia Wakristo wenyewe, maana hawakuabudu miungu ya Roma. Polikarpo akautazama umati, akaunyooshea mkono, akatamka maneno yaleyale.

"Wote hao ni wapagani tu."

Hapana. Wamisionari waliofika Ujiji mwaka 1878 na 1879 waliwakuta Waislamu mwambao wa ziwa, na huko bara Waha waliomtaja Imana. Wanyamwezi wa Tabora walikuwa na Likube. Hao waliitwa wapagani, lakini walikuwa waumini kabisa, ila hawakuwa na kitabu.

Hata wasioamini hawako kapu moja. Mwaka huohuo wa 1879 Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza ambaye kijiweni hutajwa kama baba wa walahidi, aliandika katika barua kwamba hajawahi kuwa mkanamungu kwa maana ya kukataa kuwepo kwa Mungu. Neno agnostiki, yaani mtu anayesema hajui, aliona ndilo linalomfaa zaidi. Nilipomuuliza fundi yeye yuko kundi lipi, alifikiri kidogo. "Mchana mlahidi, usiku agnostiki."

"Mtu wa dini amefunga akili."

Hii ni ya fundi, na aliitoa kwa dharau, mbele ya ustadhi aliyemfundisha alifu na be. Alikuwa ameona kwenye simu habari za mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu, akadhani ameshika bunduki. Kumbe aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, kisha mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianzia kwenye kitu kimoja alichokiita atomu ya awali, ni Georges Lemaître, padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Kwa Waislamu, Ghazali aliandika kitabu kizima kuwapinga wanafalsafa, na Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi Cordoba, akamjibu hoja kwa hoja. Wote wawili walikuwa watu wa kuswali.

Fundi alinyamaza, akasogeza kete. Simcheki. Ustadhi wetu naye alikuwa hajawahi kumsikia huyo Lemaître.

"Kitabu kimekataza kujadiliana nao."

Kurani 16:125 inaagiza kujadiliana kwa namna iliyo bora, na 6:108 inakataza kuwatukana hata wale wanaoomba visivyokuwa Mwenyezi Mungu. Waraka wa kwanza wa Petro, 3:15, unamtaka Mkristo awe tayari kumjibu amuulizaye, tena kwa upole. Wenzetu Wakristo hupenda kumrushia fundi Zaburi ya 14, ile ya mpumbavu asemaye moyoni hakuna Mungu. Wasiishie mstari wa kwanza. Mstari wa 4 unawataja hao watu: wanakula watu wa Mungu kama walavyo mkate. Fundi mwenye deni la unga dukani hali watu.

"Kuheshimiana ni kutobishana."

Hapa ndipo tunapokosea pande zote mbili. Waumini wanasema, "Tumwache, tusije tukakosana," kisha wanamsema akiondoka. Fundi naye anasema anawaheshimu, lakini ukimsikiliza unaona anatuonea huruma kama watoto.

Tarehe 28 Januari 1948 redio ya BBC ilirusha mjadala kati ya Bertrand Russell, mwanafalsafa asiyeamini, na padre Mjesuiti Frederick Copleston. Walishikana hasa, na hakuna aliyemwachia mwenzake hata nukta. Lakini tazama walivyoanza. Padre alieleza kwanza anaposema Mungu anamaanisha nini, akamuuliza mwenzake kama wanakubaliana maana hiyo. Russell akakubali. Kisha padre akamuuliza: wewe unasema hayupo, au unasema haiwezi kuthibitishwa? Russell akajibu kuwa yeye ni agnostiki. Kabla ya kupingana, kila mmoja alijua anapingana na nani.

Sisi tumelelewa na mihadhara. Miaka ya 1980 na 1990 Waislamu na Wakristo walikabiliana viwanjani kwa vipaza sauti, na kanda za Ahmed Deedat, mhadhiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, zikapita mkono kwa mkono. Nilikuwa mdogo, na nilichokipenda ni kumwona mtu "amebanwa": umati unalipuka kwa takbira au kwa haleluya, na aliyebanwa anatafuta pa kuficha uso. Elimu ilikuwepo. Lakini mtu aliyezomewa na watu mia mbili hawezi tena kusema "hapo umenishinda", hata kama moyoni ameona. Kwa maoni yangu umati ndio unaoharibu, zaidi ya ukali wa maneno. Russell na padre wake walikuwa na kipaza sauti pia, lakini hapakuwa na wa kuwapigia makofi.

Kuna na Christopher Hitchens, aliyeishambulia dini kwa ulimi mkali kuliko wengi. Alipougua saratani, miongoni mwa waliomsaidia kutafuta tiba alikuwa Francis Collins, daktari na mwanasayansi, Mkristo wa kukiri waziwazi, waliyewahi kubishana naye. Hitchens alifariki Desemba 2011 bila kubadili msimamo, na urafiki wao ulibaki.

"Sheria inawatambua wenye dini tu." Na dhana iliyo ndugu yake: "Nina uhuru wa maoni, naweza kusema lolote."

Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na kubadilisha. Ibara ya 3 inasema Jamhuri yenyewe haina dini. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kila asubuhi kanisani, aliyesoma na kufundisha hapo Tabora, aliandika mwaka 1968 kwamba mtu hana haja ya kuamua kwanza kama Mungu ni mmoja, ni wengi au hayupo ndipo awe mjamaa. Lakini kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Fundi nilimsomea vyote viwili.

Mwezi uliopita yule mzee wa kikombe alifiwa na dada yake. Fundi alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, fulana imelowa. Wakati wa swala ya jeneza alibaki pembeni ya uwanja, akilinda viatu vyetu na simu tulizomwachia. Tulipomaliza, mzee alikuja kuchukua kandambili zake, akauliza kama ile simu yake ya tochi imepona. "Bado kioo, mzee wangu. Kesho."

Jioni kijiweni kikombe cha fundi kilipita kwa mzee kikiwa kimeoshwa mara moja tu. Labda maji ya ndoo yalikuwa yamekwisha.