Je, kukata kwato humuumiza punda?

Lamu, ambako punda ndiye mbeba mawe na mchanga vichochoroni, huenda mtu akaamini kuwa ukwato ni sehemu ya nyama, na kwamba kuukata ni kumtesa mnyama. Ni hofu ya mtu mwenye huruma.

Lakini ukuta wa nje wa ukwato ni keratini, kitu kile kile kilichofanya ukucha wako. Hauna damu wala mishipa ya fahamu. Vilivyo hai vimo ndani, ndiyo maana fundi wa kwato hupunguza kidogo kidogo kwa kisu na tupa. Damu ikitoka, amepitiliza. Kwa farasi, ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na mchanga laini hauusagi kama mwamba. Ukirefuka mno, kano za nyuma ya mguu huvutwa kila hatua, tena chini ya mzigo. Maumivu yenyewe yako hapo.

Msimamishe punda sakafuni, umtazame ubavuni. Mstari wa mbele wa ukwato uendeleze mteremko wa mguu ulio juu yake. Ncha ikiinuka kama omo ya jahazi, umechelewa, mwite fundi.