Mwanga wa chuma katika galaksi na maana yake

Mkazi wa Dodoma hahitaji kuambiwa kwamba chuma hujificha ndani ya vumbi. Wekundu wa udongo wetu, ule unaoganda kwenye viatu na madirisha katika miezi ya kiangazi, unatokana na oksidi za chuma. Katika anga la mbali hali inafanana kwa jambo hilo moja: sehemu kubwa ya chuma kilichopo kati ya nyota haielei kama atomu huru, bali imefungwa ndani ya chembe ndogo mno za vumbi, na chuma kilichofungwa namna hiyo hakiwezi kutoa mistari yake katika spektra ya gesi, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa kufuata urefu wa mawimbi. Kwa hiyo wanaastronomia wanapouona mwanga mkali wa chuma katika galaksi fulani, hawaanzi kwa kuuliza chuma hicho ni kingi kiasi gani; huuliza ni kitu gani kilicholivunja vumbi hilo.

Mwanga unaozungumziwa hapa hutolewa na ioni ya chuma, yaani atomu ya chuma iliyopoteza elektroni moja tu. Elektroni huru zilizomo katika gesi huigonga ioni hiyo na kuipandisha kwenye ngazi ya juu ya nishati, nayo inaposhuka hutoa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hasa kwenye urefu wa mawimbi wa mikromita 1.257 na 1.644. Katika maandishi ya kitaalamu huandikwa [Fe II], na namba hiyo huwapotosha wanafunzi wengi, kwa kuwa I ni atomu iliyo kamili na II ndiyo iliyopoteza elektroni moja. Mabano mraba yanaonyesha kwamba mstari huo ni wa aina inayoitwa “iliyokatazwa”, jina ambalo kwa maoni yangu ni kali kupita kiasi: hakuna kilichokatazwa, ila ioni hukaa juu kwa wastani wa zaidi ya dakika moja kabla ya kushuka, na katika gesi iliyosongamana ingegongwa tena na kunyang’anywa nishati yake kabla haijaitoa kama mwanga.

Basi sharti la kwanza la mwanga huu ni vumbi kuachia chuma; la pili ni gumu zaidi. Chuma hupoteza elektroni ya kwanza kwa nishati ya elektroni-volti 7.9 na ya pili kwa 16.2, ilhali hidrojeni hupoteza elektroni yake kwa 13.6. Karibu na nyota changa zenye joto kali, ambako hidrojeni imeshavunjwa, yaani imepoteza elektroni yake, chuma nacho kwa kawaida kimeshapoteza elektroni ya pili, na mistari yetu hufifia. Inahitajika gesi yenye joto ambayo hidrojeni yake imevunjwa nusunusu, na ambayo vumbi lake limeachia chuma.

Wimbi la mshtuko la supanova, yaani mlipuko wa nyota, hutimiza yote mawili kwa pamoja. Linapopita katika gesi, chembe za vumbi hugongwa na atomu zinazokwenda kasi na kugongana zenyewe kwa zenyewe, kama uwele kinuni unapotwangwa hadi pumba ziachane na punje, na chuma hutoka. Si kweli, basi, kwamba chuma tunachokiona lazima kiwe kimetengenezwa na nyota iliyolipuka. Kwa sehemu kubwa kilikuwapo tayari katika gesi ya jirani, kikiwa kimefungwa. Ndiyo maana mwanga huu hutumika kukadiria idadi ya supanova katika galaksi zinazozaa nyota kwa wingi, kama M82 na NGC 253. Makadirio hayo yanahitaji tahadhari, kwani katika M82 madoa angavu ya chuma hayalingani na masalia machanga ya supanova yanayoonekana kwa mawimbi ya redio. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba chuma hung’aa zaidi katika masalia yaliyokwisha kuzeeka.

Katika galaksi zenye kiini hai, yaani zenye shimo jeusi kubwa linalomeza gesi, mambo huchanganyika. Mstari wa mikromita 1.257 ukilinganishwa na ule wa hidrojeni ulio kwenye 1.282, uwiano katika galaksi zinazozaa nyota huwa chini ya takriban 0.6, na katika zenye kiini hai hupanda hadi karibu 2. Lakini kupanda huko kunaweza kuletwa na eksirei za kiini, ambazo hupenya mbali na kuipasha joto gesi bila kulivunja vumbi, au na michirizi ya gesi inayotoka kwenye kiini na kuigonga gesi ya jirani. Hapo fosforasi huwa shahidi mzuri. Mstari wake uko kwenye mikromita 1.188 na unahitaji mazingira yaleyale, ila fosforasi haifungwi sana ndani ya vumbi. Mwanga wa chuma ukizidi ule wa fosforasi mara 2 hivi, vumbi bado zima na kazi ni ya eksirei. Ukizidi mara 20 hivi, kama katika masalia ya supanova, vumbi limevunjwa. NGC 1068, mojawapo ya galaksi zenye kiini hai zilizo karibu nasi, ilipopimwa ilionekana kuegemea upande wa eksirei.

Infraredi hupendelewa kwa sababu hupenya vumbi linaloziba vitovu vya galaksi. Isitoshe, mistari ya 1.257 na 1.644 huanzia ngazi moja ya nishati, hivyo uwiano wake umewekwa na maumbile ya ioni yenyewe, na wa kwanza ukifika ukiwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa, upungufu huo hupima vumbi lililo njiani. Mistari mingine, kwenye mikromita 5.34 na 25.99, huangaliwa na darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021.