"Filamu ya zamani" na "filamu ya zama"

Juzi nilikwenda kujaza flashi kwenye kibanda cha muvi, nikamwomba kijana ile ya Kifaransa ya msichana na mchoraji wake, Portrait de la jeune fille en feu. Akaitoa kwenye folda ya "MUVI ZA ZAMANI", ilikokuwa imebanana na za karate za miaka ya 1980. Filamu yenyewe ni ya 2019. Nikamuuliza imefikaje humo. "Kwani si ya zamani, kaka? Ona magauni hayo." Dada mmoja nyuma yangu akamrekebisha: hiyo ni ya kihistoria, stori ya kweli. Makosa hayo mawili nimeyasikia mara nyingi mno.

Filamu ya zama ni ile ambayo hadithi yake imewekwa katika kipindi kilichokwisha pita wakati inatengenezwa, na mavazi, nyumba, usemi na sheria za kipindi hicho zikafuatwa. Filamu ya zamani imezeeka yenyewe. Ya kihistoria inasimulia watu waliokuwepo na mambo yaliyotokea. Ufafanuzi umeishia hapo.

Kinachonikera ni neno lenyewe, maana Kiswahili kimeshatupa njia ya kutofautisha. Zamani tumeitoa kwenye Kiarabu, na huko zaman ni wakati tu, uwe umepita au bado. Waturuki nao wanayo, zaman, kwa maana hiyohiyo ya wakati. Sisi tukaisukuma nyuma: mtu akisema "zamani", msikilizaji anageuza shingo. Ule wakati wa asili umebaki kidogo kwa wazee wanaosema "zamani za Mjerumani", na umebaki wote kwenye zama. Tunasema zama hizi, zama zetu, zama za mawe, zama za ukoloni. Sikiliza tofauti: "Zamani nilikaa Tanga" ni sentensi kamili. "Zama nilikaa Tanga" haisimami, neno linadai mwenzake. Zama zipi? Za nani? Hilo ndilo swali ambalo filamu ya aina hii lazima ilijibu. Magauni peke yake hayalijibu.

Chukua filamu ya Carol. Patricia Highsmith alichapisha riwaya The Price of Salt mwaka 1952 kwa jina la bandia, Claire Morgan. Wanawake wawili wanapendana New York, na maduka na magari yao ni yale msomaji wa siku hizo aliyapita akienda kazini. Ilikuwa riwaya ya leo. Todd Haynes alipoitoa kama filamu kwa jina la Carol mwaka 2015, mapenzi yaleyale yakawa filamu ya zama.

Sasa turudi kwenye ile ya kibandani. Ni Bretagne, huko Ufaransa, karne ya 18. Héloïse ametolewa kwenye nyumba ya watawa ili aozwe Milano badala ya dada yake aliyekufa. Mchumba hajamwona, anasubiri picha, na Héloïse amegoma kukaa achorwe. Ndipo Marianne analetwa kama mwenzake wa matembezi, achore kwa siri. Anaiba sikio, anaiba namna mikono inavyokunjwa, akirudi chumbani anachora kwa kumbukumbu. Mpe mama yake Héloïse simu yenye kamera na hadithi yote imekufa: mchoraji haitwi, wasichana hawakutani wala hawapendani. Zama ndizo zinazowakutanisha, na ndizo zinazowatenganisha. Nje ya filamu nako, mwaka 1770 Akademia ya uchoraji ya Paris iliamua wanawake wanachama wasizidi wanne.

Na katazo la mapenzi tu halitoshi kuifanya filamu iwe ya zama. Filamu iitwayo Rafiki, ya Wanuri Kahiu, inasimulia wasichana wawili wanaopendana Nairobi, na ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018. Kila kitu ndani yake ni cha zama hizi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa kibandani, ihamishe tu. Folda mpya iite ZAMA, wateja watazoea. Na wewe dada, Marianne na Héloïse wametungwa na Céline Sciamma. Ulichokiona cha kweli mle ndani ni sheria na desturi zilizowazunguka, na hapo hukukosea.