Kabla hujamkatalia mwanao mkondo wa amali

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, swali huwa lile lile: "Mwalimu, mwanangu si mjinga, kwa nini apelekwe ufundi?" Namwelewa mzazi huyo. Tumezoea kusema "akifeli atakwenda VETA", wakati VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, haikuundwa iwe jalala la waliofeli.

Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili sekondari: wa jumla na wa amali. Kidato cha kwanza cha amali kilianza 2024, kwa shule chache kwanza. Anayeingia huko anajifunza fani, mathalani useremala, ushonaji au umeme, na hisabati anaendelea nayo. Wapo wanaodhani amali ni pa kuikimbia hesabu. Wataikuta karakanani.

Chukua mbao ya futi 12. Mwanafunzi anataka stuli mbili, yaani miguu minane ya futi moja na nusu. Kwenye daftari, 12 gawanya kwa 1.5 ni 8 kamili. Anapima mguu mmoja kwa tepu, anakata, kisha anapima unaofuata. Akifika mguu wa nane, umepungua sentimita mbili. Msumeno nao unakula: milimita tatu hivi kila mkato, na mikato ni saba. Hapo ama aipunguze miguu yote, ama anunue mbao nyingine na faida iishie dukani. Aliyefundishwa vizuri angeliwaza hilo kabla hajamtajia mteja bei.

Kukadiria gharama ndiko kunakowaangusha mafundi wengi wa mtaani, ambao kwa mkono (niseme ukweli) wanawazidi vijana wetu mbali. Kwao upo utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa anachokijua, anaongezewa palipopelea, anapewa cheti. Hakuna anayemrudisha darasa la kwanza.

Serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne 2016, na mwaka 2022 ikafuta ya kidato cha tano na sita. Ni hatua kubwa. Ila kufutwa kwa ada hakununui mbao, na karakana inakula vifaa kila wiki. Wanafunzi arobaini wakigombea randa moja, thelathini na tisa wanajifunza kutazama.

Kwa hiyo, mzazi, ukienda kuulizia nafasi usiishie ofisini kwa mkuu wa shule. Omba uone karakana. Tazama sakafuni: pakiwa na vumbi la mbao, watoto wanafanya kazi. Ukikuta mashine bado zimevaa nailoni zilizokuja nazo, uliza zilifika lini, na ni nani hapo anayejua kuziwasha.